Barua ya wazi kwa wabunge wa Uganda: ruhusa ya kukaa Kongo inaisha lini?

Waheshimiwa wabunge,

Niko ng'ambo ya pili ya Ziwa Albert. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho ninachozungumza na askari wenu. Anaponisimamisha kizuizini, askari wa Uganda hajui Kifaransa changu, nami sijui Kinyankole chake. Tunamalizana kwa Kiswahili, yeye kile cha kambini, mimi hiki cha Bunia. Najua humo ukumbini mnajadiliana kwa Kiingereza. Lakini mwaka 2022 Baraza lenu la Mawaziri liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima shuleni, basi naamini hatakosekana wa kuwasomea.

Sina cheo. Ni Mkongo wa Ituri, raia wa nchi ambayo tangu mwaka 2022 ni mwanachama mwenzenu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwenyeji wa mkoa ambao jeshi lenu limeshaukalia mara moja. Hilo la kuukalia sikulitunga mimi. Liliamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, na nitalifikia.

Siandiki kuuliza kama askari wenu wa Operesheni Shujaa, ile ya kuwasaka waasi wa ADF huku Kongo, ni wema au wabaya. Wako wema na wako wabaya, kama walivyo wetu. Wala siandiki kuwataka muwaondoe kesho asubuhi. Wapo watu wa Beni na Kasindi ambao wangenipiga mawe nikithubutu kusema hivyo, na wana haki. Swali langu ni dogo, tena la makaratasi: ruhusa iliyowaingiza Kongo tarehe 30 Novemba 2021 imeandikwa wapi, inawaruhusu kufanya nini, na inaisha lini?

Mtasema huyu kakosa la kuuliza. Watu wanachinjwa mashambani, yeye anatafuta karatasi. Naomba mnivumilie, maana karatasi hiyo hiyo ilipokosekana mara ya kwanza, watu walikufa huku kwetu, na nyinyi mkaletewa bili.

Mwaka 1998 nako kulikuwa na ruhusa. Laurent-Désiré Kabila alikuwa ameingia Kinshasa Mei 1997 kwa msaada wa majeshi ya Rwanda na Uganda, na hakuona tabu kuwaachia wenzake wa Kampala wapitishe askari mashariki mwa nchi yake wawasake waasi wa Uganda wa ADF. Tarehe 27 Aprili 1998 nchi hizi mbili zilitia saini itifaki ya kushirikiana katika ulinzi wa mpaka. Karatasi ile ilikuwa fupi. Haikusema askari wangapi, wafike wapi, wala wakae mpaka lini. Miezi mitatu baadaye urafiki ukaharibika. Tarehe 28 Julai Kabila alitoa tamko la kuwataka askari wa kigeni waondoke. Aliwataja wa Rwanda, wa Uganda hakuwataja. Agosti vita vikaanza, na kwenye mkutano wa wakuu wa nchi pale Victoria Falls Kabila akazishutumu Rwanda na Uganda waziwazi kwamba zimeivamia nchi yake.

Kongo ilipofungua kesi mwaka 1999, mawakili wa Uganda walisimama mbele ya majaji wakasema: sisi tuliruhusiwa. Na majaji, katika hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005, hawakukataa. Walikubali kwamba ruhusa ilikuwepo. Ila walisema ruhusa ya namna ile, isiyo na masharti yaliyoandikwa, aliyeitoa anaweza kuiondoa wakati wowote bila hata kupitia utaratibu rasmi. Kwa hesabu yao ilikuwa imekwisha kabla ya tarehe 8 Agosti 1998 kupita. Hapakuhitajika barua wala balozi kuitwa wizarani. Ilitosha Kabila kulalamika mkutanoni, na kuanzia hapo kila siku ambayo askari wa Uganda alilala Kongo ilihesabika kuwa ya uvamizi, hadi kikosi cha mwisho kilipovuka kurudi nyumbani tarehe 2 Juni 2003. Karibu miaka mitano.

Mawakili wenu walijaribu mlango mwingine: mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, ambao Kongo yenyewe iliutia saini na ambao ulipanga ratiba ya majeshi ya kigeni kuondoka. Wakadai kwamba ukishakubaliana na mtu ratiba ya kuondoka, umemruhusu kukaa mpaka siku ya kuondoka. Majaji wakasema hapana. Kupanga jinsi ya kutoka hakuhalalishi kuwemo. Wakajaribu na hoja ya kujilinda, kwamba ADF walikuwa wakiivamia Uganda kutokea Kongo. Hapo ndipo majaji walipouliza swali ambalo hata mkulima wa Irumu angeuliza: kama mlikuwa mkijilinda mpakani, kule kwenye viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani mlifuata nini?

Mlifuata nini Kisangani, waheshimiwa? Narudia swali hilo kwa sababu nina hakika wengi wenu mlikuwa bado vijana wadogo, na huenda hadithi ya Kisangani haikufundishwa shuleni kwenu. Juni 2000, jeshi la Uganda na jeshi la Rwanda, mabwana wawili waliokuja pamoja, walipigana wao kwa wao kwa siku 6 katikati ya mji wa Wakongo. Ilikuwa mara ya tatu. Walikwisha kupigana hapo hapo Agosti 1999 na Mei 2000. Umoja wa Mataifa ulikadiria raia zaidi ya 760 waliouawa na wapatao 1,700 waliojeruhiwa. Hakukuwa na ADF hata mmoja Kisangani. Baraza la Usalama likapitisha azimio namba 1304 kuzitaka nchi zote mbili zitoke na zifidie uharibifu.

Kwetu Ituri mambo yalikwenda polepole zaidi, na yameacha kidonda kirefu zaidi. Juni 1999 Jenerali James Kazini, aliyekuwa akiongoza majeshi ya Uganda nchini Kongo, aliamka akaunda mkoa mpya, Kibali-Ituri, akamteua na gavana wake. Jenerali wa nchi jirani anachora mkoa ndani ya nchi ya watu! Mahakama ilitumia kitendo hicho kama ushahidi kwamba Uganda ilikuwa imeikalia Ituri, na mwenye kukalia ardhi ya mwenzake anawajibika kwa usalama wa wakazi wake, hata pale anayeua ni mwanamgambo wa kienyeji na wala si askari wake. Ugomvi wa mashamba kati ya Wahema na Walendu ulikuwepo tangu zamani, sitawasingizia huo. Lakini ulikuwa wa mapanga na mishale. Katika miaka ile ya askari wa kigeni, huku waasi nao wakigawanyika kila msimu, ukageuka kuwa wa bunduki na vikosi vyenye mafunzo. Hata Profesa Ernest Wamba dia Wamba, aliyefundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka mingi na kuheshimika kwa kalamu yake, aliingia Bunia akiwa kiongozi wa waasi chini ya mwavuli wa Kampala, na usomi wake haukuzuia mauaji hata ya kijiji kimoja.

Bili mnaijua. Tarehe 9 Februari 2022 majaji walikadiria fidia kuwa dola milioni 325: milioni 225 kwa watu waliouawa, waliojeruhiwa, waliobakwa na waliohamishwa, milioni 40 kwa mali, milioni 60 kwa dhahabu, almasi, mbao na maliasili nyingine. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11, kwa hiyo mlipata nafuu. Malipo yakapangwa kwa mafungu 5 ya dola milioni 65 kila mwaka kuanzia Septemba 2022.

Sasa tazameni nani analipa. Mahakama haikusema kwamba uporaji wa maliasili ulikuwa sera ya serikali ya Uganda. Ilisema haikuona ushahidi wa kutosha wa hilo. Ilisema maofisa na askari, wakiwemo wa ngazi za juu, walipora, na serikali ikashindwa kuwazuia. Tume yenu wenyewe, ya Jaji David Porter, ndiyo iliyotoa sehemu ya ushahidi huo, na majaji waliupa uzito. Maana yake ni kwamba waliofaidika ni watu wenye majina, na wanaolipa ni muuza ndizi wa Mbarara na mwalimu wa Gulu, kupitia bajeti mnayoipitisha nyinyi. Je, kuna ofisa hata mmoja aliyewahi kuambiwa achangie?

Haki ya Mungu niseme na upande wetu. Fedha mnazotuma Kinshasa hazijawafikia wajane wa Kisangani kama ilivyopaswa. Mfuko ulioundwa kwa ajili ya wahanga umegubikwa na kashfa, na Septemba 2025 aliyekuwa waziri wetu wa sheria, Constant Mutamba, alihukumiwa miaka 3 ya kazi ngumu katika shauri la dola milioni 19 zilizotoka kwenye mfuko huo huo kwa ajili ya kujenga gereza. Mahakama iliyomhukumu ni ya kwetu, na hilo walau ni jambo. Lakini naungama kwamba mlipakodi wa Uganda ana haki ya kukasirika mara mbili.

Nimeisimulia kesi hii kwa kirefu kwa sababu nikitazama yaliyofuata Novemba 2021 naona jengo lile lile likisimamishwa juu ya msingi ule ule.

Mwanzo wake nyinyi mliuona kwa macho. Tarehe 16 Novemba 2021 mabomu yalilipuka Kampala, moja karibu na kituo kikuu cha polisi na jingine jirani kabisa na lango la bunge lenu. Mlitolewa nje, watu walikufa barabarani mnayopita kila siku. Hakuna Mkongo wa Beni aliyehitaji kuelezwa nani aliyafanya na wanauaje. ADF ni watoto wa Uganda kwa kuzaliwa, hilo lisemwe bila kuoneana haya; walianzia Rwenzori miaka ya 1990, wakachoma wanafunzi wapatao 80 pale Kichwamba mwaka 1998, kisha wakahamia misitu yetu, wakaoa kwetu na kuzeekea kwetu. Tangu Oktoba 2014 wamewaua watu wa Beni maelfu kwa maelfu, wengi kwa panga. Jeshi letu lilishindwa. Walinda amani wa Umoja wa Mataifa walishindwa, mpaka vijana wa Beni wakachoma ofisi zao kwa hasira. Mei 2021 Rais Tshisekedi aliiweka Ituri na Kivu Kaskazini chini ya utawala wa kijeshi, mauaji hayakukoma.

Kwa hiyo Novemba ile, vifaru vyenu vilipovuka mpakani Nobili, wapo waliopiga vigelegele. Nawaelewa. Barabara ya Kasindi kwenda Beni, ambayo malori yalikuwa yakichomwa na madereva wakichinjwa, ilianza kupitika kwa nafuu. Mkulima wa kokoa wa Watalinga, ambaye msimu wa mavuno kwake ulikuwa msimu wa mazishi, alirudi shambani. Mtu huyo ukimletea habari za itifaki atakucheka. Na Juni 2023, ADF walipovuka na kuua watu 42, wengi wao wanafunzi, katika shule ya Lhubiriha pale Mpondwe, nasi tulilia pamoja nanyi. Ng'ambo hii tunajua mtoto aliyeuawa bwenini anavyozikwa.

Lakini sisi Wakongo tulijuaje kwamba jeshi la jirani limeingia? Tulijua kwa ujumbe mfupi wa msemaji wa serikali mtandaoni, mabomu yakiwa yameshaanguka. Hakukuwa na mjadala bungeni Kinshasa kabla, na kwenu pia waziri wa ulinzi alikuja kuwaeleza baada ya ndege kuruka. Makubaliano yenyewe hayakuchapishwa. Tuliambiwa ni operesheni ya pamoja dhidi ya ADF. Basi.

Methali yetu humpa mgeni siku mbili, ya tatu akapewa jembe. Wageni wetu wametimiza miaka, na badala ya jembe wameongezewa wilaya. ADF walipobanwa Beni hawakumalizwa. Walisogea magharibi, wakaingia Mambasa na Lubero, vijiji ambavyo havikuwahi kuwajua. Julai 2025 waliingia kanisa la Komanda, kwetu Ituri, waumini wakiwa kwenye mkesha, wakaua zaidi ya watu 30. Septemba mwaka huo huo waliua zaidi ya 60 kwenye msiba kijijini Ntoyo, Lubero. Sisemi Uganda ndiyo iliyowatuma huko. Nasema hakuna aliyewahi kutuonyesha, sisi wala nyinyi, ni kipimo gani kinatumika kujua kama operesheni inafaulu. Kuhesabu maiti za adui kwenye taarifa ya jeshi si kipimo. Beni ikitulia na Lubero ikawaka, hesabu hiyo inaandikwaje?

Kisha likaja la Bunia, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Tarehe 15 Februari 2025 mkuu wa majeshi yenu, Jenerali Muhoozi Kainerugaba, aliandika kwenye mtandao wa X kwamba anavipa vikosi vyote vilivyoko Bunia saa 24 kusalimisha silaha, la sivyo atavihesabu kuwa adui na kuvishambulia. Vikosi vyote. Bunia ni makao makuu ya mkoa wa Ituri. Kikosi kikubwa kuliko vyote kilichokuwemo ni jeshi la taifa la Kongo, lile lile mnaloshirikiana nalo. Siku tatu baadaye askari wa Uganda waliingia mjini. Jeshi lenu lilieleza kwamba limekuja kwa kushirikiana na jeshi letu ili kuzuia mauaji ya kikabila, na ni kweli kwamba siku chache kabla wanamgambo wa CODECO walikuwa wameua zaidi ya watu 50 huko Djaiba, wilayani Djugu. Wahema waliokimbia hawakuuliza askari ana bendera gani. Mimi pia, ningekuwa Djaiba usiku ule, nisingeuliza.

Ila CODECO si ADF. CODECO ni Walendu wa Djugu; hawajawahi kulipua Kampala wala kuvuka Mpondwe. Kufikia Machi 2025 askari wenu walikuwa wakipigana nao karibu na Fataki. Kwa ruhusa ipi? Kama ruhusa ya 2021 ilikuwa ya kuwasaka ADF, hii ya Djugu ni nyingine, na iko wapi? Na kama ile ya kwanza ilikuwa pana kiasi cha kumeza kila mwenye silaha, basi ilikuwa ni hundi tupu, ya aina ile ile iliyowagharimu dola milioni 325. Tena safari hii mnaingia katikati ya ugomvi wa makabila mawili ambayo moja limeshasikia mkuu wa majeshi akilitetea kwa jina hadharani na jingine likajiona limetangaziwa vita. Kazini naye alianza hivyo, kwa kuonekana ana upande.

Pembeni ya hayo kuna mengine nitayataja harakaharaka, si kwa kuwa ni madogo. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika mwaka 2024 kwamba maofisa wa jeshi na ujasusi wa Uganda waliwasaidia M23, kundi linalopigana na serikali iliyowakaribisha nyinyi; Kampala ilikana. M23 ilipoiteka Bunagana, mpakani kwenu, Juni 2022, biashara ya mpaka ule iliendelea kupata njia zake. Thomas Lubanga, aliyehukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2012 kwa kuingiza watoto vitani Ituri, aliibuka mwaka 2025 na vuguvugu jipya la silaha akiwa, kwa mujibu wa vyombo vya habari, nchini Uganda. Dhahabu imeipita kahawa kwa mbali katika mauzo yenu ya nje, na kila mtu kuanzia machimboni Mongbwalu hadi Entebbe anajua kwamba mashimo yote hayako Uganda. Kokoa ya Beni inavuka usiku. Hata barabara mlizokubali kutujengea mwaka 2021, kilomita 223 kutoka Kasindi hadi Beni, Beni hadi Butembo na Bunagana hadi Goma, ni jambo jema ambalo halikuachwa likawa jema tu. Wako wanaosema askari walikuja kulinda matingatinga. Mimi sisemi hivyo. Nasema ukificha mkataba, usishangae watu wakiuandika wenyewe vichwani mwao.

Narudi kwenu, maana barua hii haikwenda Ikulu wala makao makuu ya jeshi. Katiba yenu ya mwaka 1995, ibara ya 210, inawapa nyinyi kutunga sheria za kuliongoza jeshi, na imetaja kwa jina kupeleka askari nje ya Uganda. Ni ibara nzuri. Sisi tungefurahi kuwa na wabunge wanaoisoma. Lakini mazoea yamekuwa mengine. Desemba 2013 askari walipelekwa Sudan Kusini, nyinyi mkaidhinisha Januari wakiwa wameshapigana. Machi 2025 wakapelekwa Juba tena. Serikali ya Juba ikakana kwanza kwamba wapo, mkuu wa majeshi akatangaza kwamba wapo, na bunge likapiga kura ya kukubali jambo lililokwisha kutendeka. Mbunge anayepiga kura vifaru vikiwa vimeshafika anapitisha nini hasa?

Najua jibu ambalo waziri hutoa: mambo ya usalama hayaanikwi. Hilo ni kweli kwa njia ya doria, idadi ya mizinga, jina la mpashaji habari. Si kweli kwa mkataba kati ya dola mbili. Hakuna mwana ADF atakayefaidika kujua kwamba makubaliano yanaisha tarehe fulani yasipohuishwa na mabunge mawili, au kwamba yanahusu wilaya ya Beni, Mambasa na Irumu na si Mahagi. Atakayefaidika ni mwanakijiji wa Fataki, atakayejua askari aliye mlangoni kwake ana haki gani na kosa lake linashtakiwa wapi. Na atakayefaidika zaidi ni nyinyi, siku Kinshasa itakapogeuka. Itageuka. Serikali zetu hugeuka. Kabila aligeuka miezi kumi na tano baada ya kubebwa hadi Ikulu. Tshisekedi, au atakayemfuata, akiamka siku moja akasimama jukwaani Addis Ababa akatamka kwamba jeshi la Uganda limemvamia, kwa sheria iliyowekwa na hukumu ya 2005 saa inaanza kuhesabu hapo hapo, na mtakuwa hamna karatasi ya kuonyesha mlipoishia kuwa wageni.

Kwa hiyo naomba mambo yanayowezekana. Bajeti inayofuata itakapokuja, kabla hamjapitisha fungu la Wizara ya Ulinzi na yale matumizi ya siri, kamati yenu ya ulinzi na mambo ya ndani imtake waziri alete makubaliano ya Operesheni Shujaa, yasomwe na kamati hata kama ni kwa milango iliyofungwa, na muhtasari wake utangazwe Kampala na Kinshasa siku moja. Yasipokuwepo kwa maandishi, yaandikwe. Yataje maeneo, yataje adui, yataje tarehe. Operesheni ya Djugu itenganishwe na ya Beni, ipigiwe kura peke yake au isimamishwe. Askari aliyemdhuru raia Kongo ashtakiwe mahali ambapo aliyedhuriwa anaweza kufika kwa miguu au kwa pikipiki na kusikia hukumu. Jeshi lenu limewahi kuendesha mahakama zake hadharani ndani ya Uganda na hata Somalia, basi Kasindi haiwezi kuwa mbali. Tena mtakapolipa fungu la mwisho la deni la The Hague, mwulizeni mwanasheria mkuu ni hatua gani zilichukuliwa dhidi ya waliotajwa na tume ya Porter.

Nakala ya barua hii inakwenda pia kwa wabunge wetu wa Ituri na Kivu Kaskazini walioko Kinshasa, nao wana yao ya kujibu kuhusu kile walichoacha kiruhusiwe kwa niaba yetu bila kukisoma. Ila wao hawapitishi bajeti ya jeshi la Uganda. Nyinyi mnaipitisha. Kikao cha kamati kikipangwa kikawa wazi kwa umma, naomba nitumiwe tarehe kwa njia ya gazeti. Kutoka Bunia nitavuka ziwa kwa boti hadi Ntoroko, nipande basi, nikae nyuma ukumbini nisikilize waziri akijibu.

Wasalaam,
Mkongo wa Ituri